Unga Bila Maji Yake

Hakumchoma.

Najua wiki nzima mmebishana. Wapo walioapa kwamba sindano ilishaingia, wapo waliosema Mfamasia alichelewa kidogo tu. Basi shikeni hili: ncha ilikuwa imeshagusa paja la kichanga, paja lisilozidi kidole gumba cha mtu mzima kwa unene, pale Mfamasia alipoudaka mkono wa muuguzi.

"Usimchome huyo mtoto!"

Bomba la sindano lilimponyoka muuguzi, likabingirika mpaka uvunguni mwa kitanda cha joto.

Kabla halijatulia, kofi likatua shavuni mwa Mfamasia.

Hakulipiga muuguzi, wala daktari. Alilipiga mama yake mzazi.

"Wivu wako umefika mpaka huku?" Mama alimsogelea tena. "Mpaka kwa kichanga? Mwanamume alikuacha, akamwoa mdogo wako, sawa! Yamepita! Huyu malaika amekukosea nini?"

Uliyejiunga nasi leo, maneno hayo ya Mama yamekupa nusu ya hadithi. Nusu nyingine ni hii. Mtoto aliyelala chini ya taa ni wa Vishimo, mdogo wake Mfamasia, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya vile vishimo viwili vya mashavuni vinavyofanya kila mtu amsamehe kabla hajaomba radhi. Baba wa mtoto ni Shemeji. Zamani Mfamasia alikuwa na jina lingine la kumwita mtu huyo, wakati pete yake bado iko kidoleni. Siku hizi anamwita shemeji, na kila akilitamka neno hilo ni kama anameza kidonge bila maji.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake. Asubuhi hiyo sukari mwilini mwake ilikuwa inaporomoka.

Mfamasia alishika shavu lake. Hakulia.

"Mama, utanipiga baadaye," alisema. "Sasa hivi niache nifanye kazi."

"Kazi gani ya kuzuia dawa?"

"Nyamazeni wote!" Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi, lakini sauti yake ilimtosha mtu wa futi saba. "Mfamasia, huyu mtoto hana muda wa ugomvi wenu. Sema upesi."

"Unga ni sahihi, daktari. Maji ndiyo si sahihi."

Daktari alikunja uso. Hakuhitaji kufundishwa, ila ninyi mnaosoma mkiwa nyumbani huenda mnahitaji, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Dawa iliyoagizwa ilikuwa homoni ya kupandisha sukari, mojawapo ya zile ziitwazo peptidi, yaani minyororo mifupi ya protini. Dawa za namna hii zikikaa ndani ya maji huharibika. Ndiyo maana huletwa zikiwa unga mkavu, vumbi jeupe chini ya kichupa, na mtu huuyeyusha pale anapotaka kuutumia. Nyingine huja na maji yake ndani ya boksi moja. Hii ilikuja yatima. Maji yake mnatafuta wenyewe, na hapo ndipo watu huzama.

Mfamasia aliinua kichupa cha maji mbele ya taa.

"Soma hapa chini ya jina. Haya maandishi madogo."

Daktari alisogeza miwani. Maandishi yalikuwa membamba kama miguu ya sisimizi. "Maji ya sindano," alisoma. "Yenye pombe ya benzili."

"Umeona?"

"Nimeona. Ni kinga ya vijidudu. Maji haya huwekwa kwa mtu anayejichoma nyumbani, anatoboa kichupa kimoja leo na kesho na wiki ijayo. Kwa mtu mzima hayana neno."

"Huyu si mtu mzima. Ini lake halijajua kuivunja hiyo pombe."

"Hilo nalijua tangu kabla hujaajiriwa hapa!" Daktari alikuwa tayari anavuta bomba jingine la sindano. "Lakini ni tone. Tone moja, dhidi ya ubongo unaokufa njaa. Ukinipa mabaya mawili, nachagua tone."

Jibu hilo lilikuwa la haki, na Mfamasia alilijua.

"Lingekuwa tone moja ningekuchanganyia kwa mikono yangu," alisema. Akamgeukia muuguzi. "Mrija wa dawa wa mtoto mnausafisha kwa kitu gani?"

Muuguzi alimtazama daktari kwanza, kisha akajibu. "Kwa maji ya sindano."

"Yapi?"

"Haya haya." Aliinama, akavuta boksi kutoka chini ya toroli. Nje ya boksi pameandikwa kwa herufi kubwa: maji safi ya sindano. Ndani vimejipanga vichupa vya maandishi ya sisimizi.

"Na antibiotiki yake mnaiyeyusha kwa kitu gani?"

"Haya haya, dada. Kuna mengine?"

"Kila mara mkimpa dawa mnausafisha mrija?"

"Kabla na baada. Ndivyo tulivyofundishwa."

Palisikika tu pumzi ya mtoto. Alikuwa anaivuta kwa nguvu mdomo wazi, kama aliyetolewa sasa hivi kisimani, kisha anatulia muda mrefu, kisha anaivuta tena. Daktari alikuwa ameandika kwamba ni mapafu machanga. Mtu yeyote angeandika hivyo.

Sasa daktari aliitazama ile pumzi upya. Mkono wake ulishuka taratibu.

"Mzigo huu umeanza kutumika lini?" aliuliza.

"Tangu wiki iliyopita," alisema muuguzi. "Yale ya zamani yalikwisha."

"Acheni kuutumia. Vitanda vyote. Asiguswe mtoto hata mmoja na maji haya."

Kwenye kitanda cha pili mwanamke mmoja aliinua kichwa. Alikuwa amekaa tangu alfajiri, mkono ameupitisha kwenye kidirisha cha kitanda cha joto, kidole chake kimeshikwa na mwanawe. Wauguzi walimwita Mama Pacha. Walimwita hivyo hata baada ya Jumanne, siku walipombeba mmoja wa mapacha wake ndani ya shuka lililokunjwa. Hospitali hubadilisha shuka upesi kuliko inavyobadilisha jina.

Mama Pacha aligeuza sikio kwao. Alisikiliza.

"Sukari tena," alisema daktari.

Muuguzi alitoboa kisigino cha mtoto, akaweka damu kwenye kipimo. Alipoisoma namba, alimwonyesha daktari bila kuitamka. Mama aliona sura zao, akaanza kuomba Mungu kwa sauti ya chini.

"Mtieni dripu ya sukari basi!" alisema Mama. "Si mnayo?"

"Mshipa umepasuka, mama," daktari alijibu. "Tazama mkono ulivyovimba. Nimejaribu mikono yote, miguu, hata kichwani. Ile sindano ya pajani ndiyo ingetuvusha mpaka nipate mshipa mwingine."

"Tuchanganye kwa maji ya chumvi," muuguzi alisema. "Yamejaa kabatini."

"Unga huu na chumvi hawapatani," alisema Mfamasia. "Utaganda. Utaona nyuzinyuzi kama za yai lililovunjwa ndani ya supu. Dawa itabaki kwenye bomba na mtoto atabaki na njaa yake."

"Kwani maji si maji?" Mama alifoka.

"Hapana, mama. Maji si maji."

"Stoo?" daktari aliuliza.

"Nimetoka huko sasa hivi. Mzigo ni huohuo, mpaka ukutani. Chumba cha upasuaji nimewapigia simu, nao wana huohuo."

Daktari alimtazama, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikosa amri. "Basi nitamchoma kwa haya. Sina jingine."

Mfamasia alifumba macho. Mle ndani ya kichwa chake alipita kwenye makabati yote ya hospitali ile, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Akafumbua.

"Kliniki ya kisukari! Wana kasha la dharura, la mgonjwa anayezimia. Unga na maji yake pamoja. Nipe nafasi nikimbie."

"Kimbia. Ukichelewa, nachoma."

Mlangoni alimkuta Mama amesimama, mikono ametanua.

"Huendi popote. Umemnyima dawa mbele ya macho yangu, sasa unataka kutoroka?"

"Mama, nipishe."

"Mpaka mdogo wako aje aone ulichofanya!"

Hapo Mama Pacha aliinuka. Alitembea akishikilia tumbo, mshono bado mbichi, akamshika Mama mkono kama mtu anavyomshika mama yake mwenyewe.

"Mama," alisema. "Mimi nimeshazika mmoja. Mpishe mwanao apite."

Mikono ya Mama ilianguka. Mfamasia akapita.

Kutoka wodi ya watoto njiti mpaka kliniki ya kisukari unashuka ngazi, unavuka ua wa kuanikia mashuka, unapita nyuma ya jiko. Mfamasia alishuka ngazi akirukaruka. Kwenye ua, katikati ya mashuka yaliyolowa, sauti ndogo ilimjia. Siwafichi. Mwanamke huyu si malaika, nami sikuahidi kuwaandikia habari za malaika.

*Tembea,* ilimwambia. *Usikimbie. Nani atajua? Wao walipokuchukulia mtu wako hawakukuonea huruma. Tembea tu.*

Miguu yake ilipungua mwendo. Hatua moja, ya pili.

Kisha akakumbuka kile kidole gumba cha paja. Akavua viatu, akakimbia peku juu ya sementi ya moto.

Muuguzi wa kliniki ya kisukari alikuwa anakunywa chai, kikombe kimoja juu ya faili za wagonjwa.

"Nipe kasha la dharura."

"La nani? Lile lipo moja tu. Ni la dharura."

"Na hii unaona nini, harusi?"

"Lazima mkuu wangu aidhinishe, dada, si unajua taratibu…"

Mfamasia alizunguka meza, akafungua kabati mwenyewe. Kasha dogo la plastiki. Ndani, kichupa cha unga, na ubavuni mwake bomba la sindano lililojazwa maji tayari, wamelala pamoja kama watoto wa tumbo moja. Kila mshipa wa mwili wake ulimwambia akimbie. Hakukimbia. Aligeuza lile bomba kwenye mwanga wa dirisha, akasoma maandishi madogo neno kwa neno. Maji. Gliserini. Pombe ya benzili haimo. Tarehe haijapita.

Ndipo akakimbia.

Alipoingia wodini, daktari alikuwa na kile kichupa kibaya mkononi, ameshakivunja kifuniko. Alikitupa kwenye ndoo bila kuuliza kitu.

"Changanya."

Mfamasia aliyasukuma maji ndani ya unga. Muuguzi alinyoosha mkono kumsaidia kutikisa.

"Usitikise! Ukitikisa unaivuruga. Izungushe kwa viganja, hivi, taratibu." Unga uliyeyuka. Aliinua kichupa kwenye taa: maji meupe pe, hayana wingu, hayana uzi. "Tayari. Pima kwa uzito wake."

Safari hii sindano iliingia.

Hakuna aliyekaa. Mama alishika ukingo wa kitanda. Mama Pacha alirudi kwa mwanawe, lakini uso wake ulibaki kwao. Daktari aliendelea kutafuta mshipa kwenye mguu mdogo kuliko kalamu. Mfamasia alisimama peku, nyayo zimeungua, akikitazama kifua cha mtoto ambaye hakuwahi kutaka kumwona.

Kisigino kilitobolewa tena.

"Inapanda," alisema muuguzi. Akaisoma tena asije akawa amejidanganya. "Daktari, inapanda!"

"Na mimi nimeupata mshipa," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alipumua kama watu wengine. "Sukari tumeikamata. Ile pombe iliyomo mwilini, hapo tunasubiri. Mwili wenyewe uitoe. Anaweza kuitoa, anaweza kushindwa. Sitamdanganya mtu."

Mama alibubujikwa na machozi. Alimbusu muuguzi mkono, alimbusu daktari bega. Alipofika kwa Mfamasia alisita. Shavu la mwanawe bado lilikuwa na alama ya vidole vyake.

"Haya," alisema Mama, akafuta pua. "Hata hivyo ungeongea vizuri tangu mwanzo."

Hiyo ndiyo radhi aliyopewa. Akaipokea.

Alipotoka kwenye korido alimkuta Vishimo kwenye benchi, amevaa gauni la hospitali, mkono mmoja tumboni. Pembeni yake alisimama Shemeji. Suti nzuri, viatu vinavyong'aa, simu mkononi kama kawaida. Wiki chache nyuma niliwaambia kwamba mtu huyu anauza vifaa vya hospitali. Sabuni, pamba, glovu. Na maji.

Mama aliwafuata nje, akamkumbatia Vishimo. "Yuko hai, mwanangu. Sukari imepanda."

"Nimesikia dada amemnyang'anya muuguzi dawa," alisema Vishimo. Macho yalikuwa mekundu, vishimo havionekani. "Ni kweli, dada?"

"Dawa ilichanganywa kwa maji mabaya." Mfamasia alikuwa amechukua kichupa kimoja kutoka kwenye lile boksi. Alimnyooshea Shemeji. "Maji yako haya. Umeyaleta kwenye boksi lililoandikwa mengine. Yana pombe ya benzili. Mtoto wako amesafishiwa mrija kwa maji haya tangu alipozaliwa."

Shemeji alikitazama kichupa. Damu ilimkauka usoni. Na hapo, bila kufikiri, mdomo wake ukamtangulia.

"Lakini niliwaambia wasipeleke wodi ya watoto!"

Vishimo aligeuza kichwa.

"Uliwaambia nini?" Vishimo aliuliza.

"Nina maana… nilimwambia yule wa stoo. Nilimwambia wazi, haya wapeni watu wazima tu. Kwa mtu mzima hayana shida, hata daktari atakuambia…"

"Ulijua," alisema Vishimo.

"Mzigo ulikosewa kule unakotengenezwa! Ningeurudisha ningepoteza zabuni. Nikabadilisha maboksi tu. Maji ni safi, yana kinga, ni bora hata kuliko yale mengine! Mimi ningejuaje mwanangu atazaliwa kabla ya wakati?"

"Na watoto wa wenzako?" Mfamasia aliuliza. "Hao ulijua watazaliwa lini?"

Shemeji aliigeuza simu kiganjani.

"Uliyaleta nikiwa likizo. Hukuyaleta mwezi uliopita, hukusubiri nirudi. Kwa nini?"

Alimtazama Mfamasia machoni, na kwa kitambo kifupi alikuwa yule mtu wa zamani, aliyemjua kuliko watu wote. "Kwa sababu wewe unasoma," alisema kwa sauti ya chini. "Huwa unasoma kila kitu."

Neno hilo lilimchoma kuliko kofi. Aliichukua ile likizo kwa sababu moja tu: tumbo la mdogo wake lilikuwa limeshakuwa kubwa, na hakutaka kuwepo watu wanapopita kwenye korido wakimpa Shemeji hongera. Alikimbia kicheko cha watu. Na mlango aliouacha nyuma yake ndio uliopitisha maji.

Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, hakumgeukia Shemeji. Alimgeukia Mfamasia, akamvuta kando, mpaka kwenye kona ya ndoo za takataka.

"Mwanangu. Nisikilize mama yako. Daktari amesikia hayo?"

"Hajasikia."

"Basi iwe imeishia hapa. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Mama!"

"Baba wa mtoto akifungwa, mtoto atalelewa na nani? Mdogo wako atakula nini? Utasema mlikosea stoo, maboksi yalichanganyika, yatakwisha. Undugu ni kufaana."

"Kombe lina maiti ndani, mama. Litanuka."

"Maiti gani? Si mtoto yuko hai?"

Mlango wa wodi ulifunguka taratibu. Mama Pacha alisimama pale, mkono mmoja kwenye mshono, mwingine kwenye fremu ya mlango. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Kwa jinsi alivyowatazama, hakuwa amesikia maneno ya Shemeji. Lakini mle ndani alikuwa ameyasikia ya daktari, na tangu hapo alikuwa anayageuza kichwani.

"Dada mfamasia," alisema kwa adabu. "Samahani nawaingilia. Mwanangu yule wa Jumanne, na yeye alikuwa anavuta pumzi hivyohivyo. Mdomo wazi. Nikaambiwa ni mapafu." Aliuegemea mlango. "Na yeye mrija wake ulisafishwa kwa yale maji?"

Mama alimfinya Mfamasia mkono. Kucha ziliingia kwenye ngozi.

"Inawezekana," alisema Mfamasia. "Siwezi kukuapia. Lakini yalitumika vitanda vyote, na hayakupaswa kumgusa mtoto hata mmoja. Hilo nitalisema popote nitakapoitwa."

Mama Pacha aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeelekezwa njia asiyoitaka.

"Nani aliyaleta?"

Mfamasia alimtazama mdogo wake. Hakumtazama Shemeji. Alimtazama Vishimo, ambaye yeye alimbeba mgongoni akiwa mchanga, akamsuka nywele, akampa gauni lake la kwanza la sherehe, na baadaye mwanamume wake, ingawa huyo hakumtoa kwa hiari. Alitaka aseme yeye. Alimpa nafasi hiyo kama mtu anavyomwachia mwenzake mlango. Sema tu, mdogo wangu. Sema wewe, ili tubaki ndugu.

Vishimo aliinuka kwenye benchi. Alimwangalia mumewe, aliyekuwa ameinamia simu kama vile humo mna shimo la kujificha. Kisha akamwangalia Mama Pacha.

"Muulize huyo huyo dada yangu," alisema Vishimo. "Ndiye mkuu wa famasi. Hakuna kichupa kinachoingia hospitali hii bila kupita kwake."

Mfamasia alidhani amesikia vibaya.

"Vishimo…"

"Si kazi yako?" Sauti ya Vishimo ilipanda, na machozi yakapanda nayo. "Si wewe unayejua maji yote? Ulikuwa wapi? Ulikuwa wapi watoto wakipewa hayo maji? Ulikuwa likizo, umenuna, kwa sababu mimi nimezaa!"

Ubaya wa maneno hayo, wasomaji wangu, ni kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

Mama Pacha aligeuka. "Mama," alimuuliza Mama, yule aliyemshika mkono asubuhi kama mama yake. "Wewe ni mtu mzima, hutanidanganya. Ni kweli anayosema?"

Muuguzi mmoja alipita na toroli, akaona nyuso zao, akarudi alikotoka.

Mama aliutazama mlango ambao nyuma yake mjukuu wake alikuwa anavuta pumzi. Akamtazama Vishimo. Akainamisha kichwa.

"Ndivyo," alisema. "Yeye ndiye mkuu wa maji."

Hakumtazama Mfamasia aliposema. Hata mkono wake, ule uliokuwa unafinya, aliuondoa.

Mama Pacha alikuja taratibu. Alisimama mbele ya Mfamasia, akamshika koti jeupe kifuani, akalikunja ndani ya ngumi. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Na mimi ndiye niliyekufungulia njia," alisema. "Nikamwambia mama yako akupishe. Ukaenda kumletea mtoto wa ndugu yako maji mazuri. Wangu ulimwachia yapi?"

"Dada, nisikilize. Aliyeyaleta ni…"

"Wangu ulimwachia yapi?"

Shemeji alikuwa ameanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kuelekea ngazi. Vishimo alimwona. Mama alimwona. Hakuna aliyemwita.

Na hapo ndani ya wodi sauti ya muuguzi ilipasuka:

"Daktari! Daktari, njoo! Na huyu pacha wa kitanda cha pili ameanza kuvuta pumzi ileile!"

Mfamasia aliruka kuelekea mlangoni. Koti lilimrudisha. Alijaribu tena, vitufe vikakatika, vikadunda sakafuni.

"Niache niingie!" alilia. "Ni mwanao! Niache nikamwangalie mwanao!"

Mama Pacha alilikunja koti kwa mikono miwili, akaziba mlango kwa mwili wake.

"Wewe," alisema, "hutamgusa."